Vuta N'kuvute: Kitabu Kinapogeuka Sinema

Ndugu msikilizaji, tangu sinema ya Vuta N'kuvute ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2021, lawama moja nimeisikia tena na tena, hasa kwa watu waliokisoma kitabu shuleni. Wanasema: mbona hawakukifuata? Leo tuipime lawama hiyo, maana ndani yake mna haki kidogo na mna kutoelewa pia.

Kwanza tukumbushane. Riwaya hiyo iliandikwa na Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, mwandishi yule yule wa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Ndoa inamshinda, anaikimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, naye anapata hifadhi Ng'ambo kwa walalahoi. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni kwa kuingiza maandishi yaliyokatazwa. Mapenzi yamo, siasa imo, lakini kubwa ni msichana anayekua na kujifunza kusema hapana.

Sasa njooni kwenye hesabu. Sisi watu wa redio tunajua kwamba ukurasa mmoja ukisomwa kwa sauti unachukua kama dakika mbili. Kitabu cha kurasa 250 kitakula zaidi ya saa nane. Sinema ya Amil Shivji ina muda wa kama saa moja na nusu. Hao watengeneza sinema nao wana kipimo chao: ukurasa mmoja wa mswada wao ni takriban dakika moja ya picha. Kwa hiyo mwongozaji anakabidhiwa gunia, anaambiwa alitie kwenye kikapu. Lazima kitu kimwagike.

Na kinachomwagika mara nyingi ni kukua kwenyewe. Katika kitabu, mwandishi anaingia ndani ya moyo wa Yasmin na kutueleza anachokiogopa, anachokitamani na lini mawazo yake yamegeuka. Anampeleka mpaka Mombasa na kumrudisha Unguja, na Denge si mwanamume pekee anayegusa maisha yake. Yuko pia Bukheti. Kamera haina uwezo huo wa kuingia moyoni. Inaona uso, mkono, mlango unaofungwa. Miaka ya mtu kupevuka haionekani kwa urahisi, bali watu wawili wanaotazamana huonekana mara moja. Ndiyo maana riwaya za makuzi, zikifika kwenye sinema, hugeuka hadithi za mapenzi. Hapa penzi la Yasmin na Denge limefanywa uti wa mgongo, na mengine yamepangwa kulizunguka. Huko si kumdharau mwandishi. Ni kazi ya chombo chenyewe.

Hata hivyo, sinema imetupa kitu ambacho karatasi haina. Imetupa sauti. Tunasikia Kiswahili kikisemwa na watu wenye pumzi, tunaona vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo kuta zake zilikuwapo tangu enzi hizo. Ilipofika Toronto, Kanada, Septemba 2021, wageni waliisikia lugha yetu hivyo hivyo, wakasoma tafsiri chini ya picha. Mwaka 2022 Tanzania ikaichagua kwenda kushindania Oscar, katika kundi la sinema za lugha zisizo Kiingereza. Si jambo dogo kwa hadithi iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Pamoja na hayo, mimi nina hofu yangu, na haihusu sura zilizoachwa. Sinema ya zamani ina uchawi wake. Nguo zinapendeza, taa ni za kimanjano, taarabu inalia, na mtazamaji anaanza kuuonea wivu wakati ambao watu walikuwa wakikamatwa kwa sababu ya gazeti. Tena anajiambia kwamba mambo yale yamepita. Yamepita kweli? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayohusu Tanzania Bara, iliweka miaka 15 kuwa umri wa msichana kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Ni umri ule ule wa Yasmin. Ilibidi kusubiri mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ikatamka kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo. Baina ya Yasmin wa miaka ya 1950 na hukumu hiyo pana zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo mtu akitoka ukumbini anasifia gauni tu, hapo ndipo hadithi imepotea, hata kama kila sura ingekuwamo.

Walimu wangu wa kidato cha tano na cha sita, ambao riwaya hii mmeifundisha miaka mingi, msiwakataze vijana kuitazama sinema. Waonyesheni, kisha wapeni kitabu, muwaulize: ni nani ameachwa nje, na ameachwa kwa sababu gani? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo itakuwa amevisoma vyote viwili. Nawe msikilizaji uliyemaliza shule zamani, kama nakala yako ingali kabatini, ipanguse vumbi. Yasmin uliyemkariri kwa ajili ya mtihani huenda ukamkuta ana maneno mengine ya kukwambia.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.