Filamu za River Road: Kwa nini umma hucheka huku wahakiki wakinung'unika

Aliyepita River Road, jijini Nairobi, katika miaka ya 2000 atakumbuka kelele za maduka ya muziki na runinga zilizoelekezwa barabarani zikionyesha vituko vya wachekeshaji. Wapita njia walisimama, wakaangua kicheko, na baadhi yao wakaondoka na diski mkononi.

Huko ndiko kulikochipuka sekta ya filamu iitwayo Riverwood, jina lililobuniwa kwa kuunganisha lile la barabara hiyo na Hollywood ya Marekani, jinsi Nigeria ilivyopata Nollywood yake. Tangu wakati huo mjadala haujakwisha: filamu inayowafurahisha watu wengi ilhali imejaa kasoro, je, ihesabiwe kuwa nzuri au mbaya?

Swali hilo si la mzaha. Mwaka 2005 serikali ilibuni Tume ya Filamu ya Kenya ili kuikuza sekta hii, na mwaka 2009 tuzo za Kalasha zikaanzishwa. Pesa, tuzo na nafasi ya kuonyeshwa kwenye runinga vinapogawanywa, sharti pawe na kipimo cha kuamua anayestahili. Anayeshika kipimo hicho hushika pia riziki ya mwigizaji wa River Road.

Lawama

Malalamiko ya wahakiki yanajulikana. Sauti husikika kwa shida, na honi ya matatu inaweza kumeza maneno ya mhusika katikati ya mazungumzo mazito. Nyuso huonekana gizani au zikiwa zimeungua kwa jua. Aidha, onyesho moja linaweza kuendelea kwa dakika nyingi bila kusogeza kisa mbele, kwa kuwa mchekeshaji amepata kichekesho na hataki kukiachilia.

Wengine huenda mbali zaidi ya ufundi. Wanasema visa ni vile vile: mshamba aliyepotea mjini, mume mlevi, mke mwenye tamaa ya pesa, mchungaji mnafiki. Kwa maoni yao, kumchora mwanamke kila mara kuwa mjanja wa kunyonya wanaume si kasoro ya kamera bali ya fikra, na kicheko hakiwezi kuifuta.

Kasoro zinatoka wapi?

Ni rahisi kudhani kwamba watengenezaji hawa hawajui kazi. Hata hivyo, kasoro nyingi huanzia mfukoni.

Riverwood ilikua kutokana na biashara ya muziki. River Road ilikuwa makao ya studio na wauzaji wa santuri, kisha kanda, za benga na nyimbo nyingine za lugha za Kenya. Kamera ndogo za video na kompyuta za kuhariria picha ziliposhuka bei, biashara ile ile iligeukia filamu na njia zile zile za usambazaji zikatumika.

Tatizo kubwa lilikuwa uharamia. Diski ilipotoka leo, nakala haramu zingeweza kuwa mitaani baada ya siku chache tu, zikiuzwa kwa bei ambayo mwenye kazi hangeweza kushindana nayo. Kwa hivyo mfanyabiashara mwenye busara alitumia fedha kidogo iwezekanavyo na kujaribu kurejesha mtaji kabla ya wezi kuamka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoandika filamu nyingi. Kupiga picha kwa siku chache kulimaanisha kwamba hakuna muda wa kurudia onyesho lililoharibika. Kutumia maikrofoni iliyomo ndani ya kamera kulimaanisha kwamba kelele za barabara zingeingia. Kukosa mswada kamili kuliwalazimu waigizaji kubuni maneno papo hapo.

Lakini hapo ndipo penye kitendawili. Ubunifu huo wa papo hapo, ambao mhakiki huuona kuwa uzembe, ndio mara nyingi uliozaa vichekesho vilivyopendwa zaidi.

Hoja za watetezi

Wanaoitetea Riverwood husema wahakiki hutumia mizani isiyo yake. Wachekeshaji kama vile Machang'i na Kihenjo walivuma kwa kuigiza katika lugha ya Gikuyu. Hiyo ni lugha ambayo kiimbo hubadilisha maana ya neno, na mzaha mwingi hujificha humo. Mhakiki asiyeielewa huona mtu akipiga kelele na kukunja uso. Anayeielewa husikia mchezo wa maneno na dhihaka dhidi ya wakubwa.

Isitoshe, mtindo wenyewe una ukoo. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya runinga ya taifa vilivyowapa Wakenya wahusika kama Mzee Ojwang na Mama Kayai, vilitegemea pia maumbile ya wahusika, mavazi ya kuchekesha na mabishano yasiyokwisha. Mtazamaji wa River Road hakutafuta picha za kupendeza. Alitaka kumwona jirani yake kwenye kioo.

Mjadala wa namna hii si mpya katika barabara hiyo, ambayo Meja Mwangi aliipa umaarufu kwa riwaya yake Going Down River Road ya mwaka 1976. Charles Mangua alipochapisha Son of Woman mwaka 1971, na David Maillu After 4.30 mwaka 1974, wasomaji walivinunua vitabu hivyo kwa wingi huku baadhi ya wasomi wa vyuo vikuu wakivitaja kuwa takataka. Miaka mingi baadaye, wasomi wengine wanavichunguza kama kumbukumbu ya maisha ya Nairobi baada ya uhuru.

Nchini Uganda, mambo yamefikia kilele cha ajabu. Isaac Nabwana, wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayosemekana kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Damu yake ni ya bandia waziwazi, na helikopta zake ni za kompyuta. Juu ya yote kuna sauti ya msimulizi anayetania kila kinachotokea. Watazamaji wa mataifa mbalimbali waliipenda kupitia intaneti, wengine kwa sababu ya kasoro hizo. Je, kupendwa huko ni heshima au kejeli?

Mizani gani?

Upande mwingine ziko filamu za Kenya zilizopigwa kwa fedha na utaalamu zaidi. Dangerous Affair ya Judy Kibinge, ya mwaka 2002, ilionyesha kwamba Nairobi ya tabaka la kati ingeweza kuwa na filamu yake. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Inafaa kukumbuka kwamba mhusika wake mkuu, Mwas, huanza safari yake akiuza diski za filamu za kigeni kijijini kwao, akiwavutia wateja kwa kuigiza maonyesho yake.

Filamu hiyo ilitengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani. Kuiweka kwenye mizani moja na diski ya River Road ni kulinganisha mkulima wa trekta na wa jembe, kisha kumlaumu wa pili kwa udogo wa shamba.

Hata hivyo, umaskini wa vifaa hauwezi kuwa kisingizio cha kila kitu. Kisa kilichofikiriwa vizuri hakigharimu zaidi ya kile kilichonakiliwa, na kumpa mhusika wa kike akili na hadhi hakuhitaji kamera ya bei ghali. Kwa hivyo mhakiki wa haki hutenganisha mambo mawili: kasoro zitokanazo na ukosefu wa fedha na zile zitokanazo na uvivu wa kufikiri. Za kwanza huzitaja ili wenye uwezo wasaidie, na za pili huzikemea bila huruma.

Miaka ya 2010 iliposonga, diski zilififia na watazamaji wengi wakahamia kwenye simu na YouTube. Sasa vichekesho hufika nyumbani bila kupitia dukani, na mjadala ule ule umehamia huko pamoja navyo.

Mgala muue na haki umpe, walisema wahenga. Filamu za River Road zilistahili kukosolewa, lakini pia zilistahili kutambuliwa kwamba zilisimama kwa pesa za watu waliozitazama, kwa lugha zao, wakati ambapo wachache walikuwa tayari kuwatengenezea chochote.