Usipoosha utumbo vyema, daktari ataona nini?

MWALIMU mmoja mstaafu alinijia hapa Machakos akiwa amekasirika. Alirauka alfajiri, akapanda matatu hadi Nairobi kupimwa utumbo mpana kwa kolonoskopi, lakini akarudishwa nyumbani. Utumbo wake haukuwa safi.

“Daktari, nilikunywa ile dawa ya kuharisha,” alilalamika. Nilipomdadisi, alikiri kwamba alikunywa nusu tu, na jana yake mchana alikula muthokoi.

Wengi hudhani kwamba kazi ya kipimo hiki ni ya daktari peke yake. Sivyo.

Kolonoskopi hufanywa kwa mrija unaopindika, wenye taa na kamera, ambao huingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Daktari hutafuta vinyama viitwavyo polipu. Vingi havidhuru, lakini baadhi hugeuka saratani baada ya miaka mingi. Kinyama kikionekana mapema hukatwa papo hapo. Kisipoonekana, mtu hurudi nyumbani akiamini yu salama.

Polipu nyingine ni ndogo kuliko punje ya mchele, na nyingine hulala bapa ukutani. Ganda la harage latosha kuificha.

Kwa hivyo, siku tatu kabla ya kipimo, acha muthokoi, githeri, sukuma wiki na matunda yenye mbegu. Kula wali mweupe, mayai au samaki. Siku ya mwisho, kunywa tu maji, chai isiyo na maziwa na supu iliyochujwa. Epuka vinywaji vyekundu, maana vinaweza kudhaniwa ni damu.

Dawa hugawanywa mara mbili: nusu jioni, na nusu saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Nusu hii ya pili ndiyo huwashinda watu wetu, kwani nani atapanda matatu huku akiharisha? Omba upimwe alasiri, au ulale kwa jamaa huko Nairobi. Ukiwa tayari, choo huwa maji ya manjano kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, mwambie daktari mapema.

Wenye kisukari, maradhi ya figo au moyo, na wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, wapate ushauri kwanza.

Daktari naye asiharakishe. Utafiti uliofanyiwa madaktari 12 mjini Rockford, Marekani, na kuchapishwa 2006, ulionyesha kwamba waliotumia dakika 6 au zaidi kuurudisha mrija nje walipata vinyama kwa asilimia 28.3 ya waliopimwa. Wenye haraka walipata kwa asilimia 11.8 pekee. Usione haya kumuuliza daktari wako hutumia dakika ngapi.

Mwalimu alirudi Nairobi baada ya wiki chache, safari hii akiwa amefuata maagizo yote. Alikutwa na polipu mbili, zikakatwa siku hiyo hiyo.

Ikiwa umefika miaka 45, au jamaa wa karibu aliugua saratani hii, zungumza na daktari. Na ukiona damu chooni, usingoje umri wowote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.