Vijana na Mchanga wa Mito ya Ukambani

Mkulima wa skimu za Nyandarua au Uasin Gishu akishuka Makueni au Kitui mwezi wa Septemba, ataona mto ambao kwa macho si mto. Ni njia pana ya mchanga mtupu, na juu yake nyayo za mbuzi na za punda wabebao madumu. Atasema, hapa hapana maji. Maji yapo, lakini yako chini ndani ya mchanga, na wenyeji huyafukua.

Katika mito hiyo ataona vijana wa namna mbili. Hawa wanajaza lori mchanga kwa shepe, nao hupata ujira wao siku ile ile. Wale wanabeba mawe kupeleka penye ukuta unaojengwa toka ukingo hata ukingo, na pengine hawapati kitu ila chakula cha mchana. Huenda ikawa ni vijana wa kijiji kimoja, hata mtu na ndugu yake. Kazi ya kwanza yaondoa maji, ya pili yaleta. Twataka kueleza habari ya hao wa pili, na kwa nini wazee wenye mashamba wasiwachukue kuwa watumishi wa bure.

TANGI LISILO NA MFUNIKO

Twaa debe, ulijaze mchanga mkavu wa mtoni, ule mnene, si ule laini kama unga. Kisha tia maji kwa kikombe polepole huku ukihesabu, mpaka yaonekane juu. Utastaajabu kuona kwamba maji yaliyoingia ni karibu theluthi ya debe. (Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kopo la maziwa, na ni hesabu nzuri ya sehemu.) Si maji yote utakayoweza kuyateka tena, maana mengine hushikamana na mchanga. Sasa fikiri debe hilo liwe na upana wa mto na urefu wa mamia ya mita. Hilo ndilo bwawa la mchanga.

Mvua ikinyesha milimani, mto hushuka kwa nguvu umebeba mchanga na matope. Ukuta wa mawe na simiti uliosimama juu ya mwamba huuzuia mchanga, kwa kuwa ni mzito, na matope mepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya mvua ya msimu mmoja, au miwili mitatu, nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na mchanga hujaa maji. Jua hukausha tabaka la juu tu. Maji yaliyo chini kiasi cha mita moja hayapati taabu nyingi. Mbu hawana pa kutagia. Ng'ombe hawayachafui kama wachafuavyo bwawa la udongo. Mchanga wenyewe huyachuja, ingawa ya kunywa yafaa kuchemshwa.

Kwa hiyo lori la mchanga likiondoka mtoni, limebeba kipande cha tangi. Nairobi na miji mingine hujengwa kwa mchanga huo, nasi hatuwezi kusema watu wasijenge nyumba. Lakini mahali palipochimbwa mpaka mwamba ukaonekana, visima vya mtoni hukauka, kingo huporomoka pamoja na mashamba ya watu, na miguu ya madaraja hubaki wazi. Kwa ajili hiyo Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, ikaunda na mamlaka ya kuisimamia. Sheria ni nzuri. Lakini lori la usiku halisomi sheria, na kijana mwenye njaa hujua shepe lake litamlipa kabla hapajakucha.

JEMBE LA LAZIMA NA JEMBE LA HIARI

Mambo haya si mageni Ukambani. Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika habari za mmomonyoko wa udongo katika Machakos, akaonyesha nchi inayoharibika. Mwaka 1938 serikali ile ilianza kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe zao. Wakamba kwa maelfu wakaenda Nairobi kwa Gavana, na kiongozi wao Muindi Mbingu. Kuuza kwa nguvu kukasimamishwa, lakini Muindi mwenyewe akahamishwa mpaka Lamu. Hata baada ya vita, kuchimba matuta ya kuzuia udongo kulikuwa kwa amri, na watu wakalichukia jembe la amri.

Kilichogeuza mambo ni desturi ya zamani ya Wakamba, mwethya, yaani majirani kukusanyika na kusaidiana kazi ya mmoja wao, leo kwako kesho kwangu. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vilichagua viongozi wao wenyewe, na wengi waliochimba ni wanawake, kwa kuwa waume walikuwa kazini mbali. Walichagua na namna ya tuta iliyowafaa, ile iitwayo hata leo "fanya juu": mfereji huchimbwa kwa usawa wa mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu, mpaka miaka ikipita shamba hulala kama ngazi. Mvua ikakaa shambani badala ya kukimbilia mtoni.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos. Walihesabu kwamba watu waliokuwa karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wamefika karibu 1,400,000 mwaka 1989. Na juu ya hayo udongo ulikuwa umetunzwa vizuri zaidi kuliko zamani, na mazao kwa kila mtu yameongezeka. Wakulima hawakufanya hivyo kwa kuogopa askari. Walifanya kwa sababu tuta lilikuwa katika shamba lao, na machungwa na mboga walizouza zilikuwa zao.

Mabwawa ya mchanga yaliifuata njia iyo hiyo. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na jirani zake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos, nao wakawa mashuhuri kwa kujenga kuta hizi. Kitui nako shirika la SASOL, toka miaka ya 1990, limesaidia vijiji kujenga mamia.

KIJANA APATA NINI?

Hapa ndipo penye shauri letu, na latuhusu sisi wa skimu kuliko wengine. Ile skimu kubwa ya eka milioni moja iliyoanza mwaka 1962 ilimpa mtu mmoja ploti moja kwa jina lake. Makueni yenyewe ilikuwa skimu, iliyofunguliwa katika miaka ya 1940 katika pori lenye mbung'o. Mwenye ploti alikuwa na jembe na cheti. Leo wajukuu wake ni watu wazima. Jembe wanalo, cheti hawana.

Kikundi cha vijana kikikaa kujenga ukuta, wenye nguvu za kupasua mawe kwa nyundo na mtaimbo ni wao. Wanaochota mchanga na maji ya kuchanganyia simiti ni wao, na wasichana miongoni mwao ndio wajuao vizuri zaidi mto ule, maana tangu utoto wamekuwa wakiamka gizani kuufuata. Ukuta ukimalizika na mchanga ukajaa, ni nani atakayelima sukumawiki na nyanya kando ya mto? Ni mwenye shamba la kando ya mto. Kijana aliyebeba mawe miezi mitatu hurudi nyumbani na sifa. Kisha lori likija, dereva akimwita, tutashangaa akipanda?

Twasikia wazee wakisema, "Kijana wa siku hizi hapendi kazi ya kujitolea." Kijana naye ukimwuliza atakujibu kwa adabu, "Mzee, kazi naipenda, lakini ninajitolea kwa shamba la nani?" Mwandishi wa habari hii yuko upande wa kijana. Kazi ya pamoja isiyo na fungu la kila mmoja si mwethya. Ni ile amri ya zamani iliyobadilishwa nguo.

Dawa yake si fedha nyingi. Kabla jiwe la kwanza halijawekwa, mwenye shamba na vijana waandikiane mbele ya chifu au mzee wa mtaa: vijana wapewe kipande kando ya bwawa, hata robo eka, wakilime misimu kadha wa kadha kwa bustani na kitalu cha miti. Miche ya mukau huuzika, kwa kuwa mbao zake ni ngumu na mti wenyewe wavumilia ukame. Ila mbegu yake ni ya taabu, hapana budi kuivunja kokwa na kuichanja ngozi kwa kisu ndipo iote, na kazi hiyo ya mikono myepesi vijana waiweza sana. Tena katika kamati ya maji viti viwili vitatu viwe vyao, na kimoja cha msichana, si cha kuandika kumbukumbu tu bali cha kukata shauri. Nao vijana ndio wawe walinzi wa mchanga wao.

Wazazi wenye watoto wadogo waulize shuleni juu ya klabu ya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilabu hivi vilianza miaka ya 1960 mwanzoni, vikafifia, na serikali ikavifufua mwaka 2021. Mtoto aliyekwisha kushika kitalu cha shule hatakuwa mgeni katika kikundi.

KWA WANAOTAKA KUANZA

Kikundi kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya mwaka 2022 yataka watu wasiopungua kumi. Mto si wa mtu mmoja, kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutakiwa kabla ya kujenga, na mhandisi apime mahali. Barua ya kuomba simiti iandikwe ikiwa na majina, mahali, kibali cha mwenye shamba pande zote mbili za mto, na hesabu ya mawe yaliyokwisha kukusanywa. Rundo la mawe huomba vizuri kuliko karatasi.

Mahali pafaapo ni penye mwamba uonekanao au ulio karibu, kingo ngumu, na mchanga mnene. Mto uletao matope meusi tu hautajaza tangi, utajaza matope. Msingi uchimbwe mpaka mwamba wenyewe, usafishwe kwa ufagio na maji. Ufa mdogo ukiachwa, maji yote yatapita chini na kazi imepotea. Mabawa ya ukuta yaingie ndani ya kingo pande zote mbili, la sivyo mto utazunguka na kujifanyia njia mpya kupitia shamba la mtu. Vyuma na seng'enge hulazwa katikati ya mawe ili kuyafunga. Mahali pengine ukuta hupandishwa kwa vipindi, msimu kwa msimu, ili mchanga mnene ushike na matope yapite.

Wakati wa kazi ni miezi mikavu, Julai mpaka Septemba, kwa kuwa mvua kubwa ya Ukambani huanza Oktoba kwenda Novemba. Simiti imwagiliwe maji siku nyingi isipasuke. Kingoni pandeni nepia na miti mapema, na ng'ombe wapewe njia yao mbali na kisima. Mafuriko ya kwanza yakipita, vijana wawili waende asubuhi ile ile wakatazame mabawa ya ukuta, pande zote mbili, wakiwa na shepe na magunia ya mchanga tayari, kabla maji ya pili hayajashuka.