Ukame ni Mmoja, Madhara Hayalingani

Mwaka 2022 mvua zilikosekana na maji ya Mto Ruvu yakapungua sana. Watu wa Dar es Salaam, wanaotegemea mto huo, walipata maji kwa mgao. Mwishoni mwa mwaka 2023 mambo yakageuka. Mvua za El Nino zikanyesha kupita kiasi. Wataalamu wanasema dunia inazidi kupata joto, na vituko vya namna hii vitazidi kutusumbua.

Sisi watu tunahangaika. Je, wanyama wa msituni? Nani kati yao ataumia zaidi?

Tuanze na wakulima wawili wa Kisarawe. Mmoja amelima mahindi tu. Mwenzake ana mahindi, muhogo na mikorosho. Jua likiwaka, mahindi ya wote wawili hukauka. Lakini mmoja atalala njaa, na mwenzake atachimba muhogo.

Wataalamu hupima wanyama na mimea kwa njia hiyo hiyo. Huuliza maswali matatu:

1. Ukame au mvua kubwa itamfikia kwa kiasi gani?
2. Ikimfikia, ataumia kiasi gani?
3. Anayo njia ya kujiokoa?

Haya, tupime pamoja. Katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, yupo komba wa Rondo. Siyo yule komba mkubwa anayesifika kwa kunywa tembo la mnazi. Huyu ni mdogo mno, uzito wake gramu 60 hivi. Duniani kote anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Tumlinganishe na tumbili.

Swali la kwanza: jua linawafikia wote wawili.

Swali la pili: tumbili hula karibu kila kitu, hata mahindi yetu. Komba huyu hutegemea sana wadudu. Majani yakikauka, wadudu nao hupungua.

Swali la tatu: tumbili hutembea chini, akakatiza shamba na kwenda kwingine. Komba huyu huhitaji miti. Zamani misitu hii ilienea zaidi. Sasa kandokando yake kuna mashamba, nyumba na matanuri ya mkaa unaopelekwa Dar es Salaam. Msitu umebaki kama kisiwa. Basi komba hana pa kukimbilia.

Jua hatuwezi kulizima, ndugu zetu. Lakini swali la tatu liko mikononi mwetu. Tukiandaa shamba, tufyeke kwanza njia ya kuzuia moto, maana mwaka wa ukame moto huingia msituni upesi. Tuache miti isimame kando ya vijito. Tupande miti yetu ya kuni na mkaa. Tunajua mkaa hununua unga na sare za shule. Lakini mkaa wa msitu ukiisha, tutauza nini?

Msitu ni akiba yetu ya dawa, uyoga na unyevu wa ardhi. Tukiumaliza, nasi tutakuwa kama yule mkulima wa mahindi tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni mnyama au mti gani umepungua kijijini kwenu?
2. Mpimeni kwa maswali matatu.
3. Kijiji kifanye nini kabla ya kiangazi kijacho?