Mbinu ya Kitu na Mbinu ya Klasi: Tafsiri Isimpoteze Mwanafunzi

Wanafunzi wanaosoma Kiswahili pamoja na kompyuta hutuuliza mara kwa mara jinsi ya kueleza aina mbili za mbinu katika lugha ya Java. Tumebaini kwamba kinachowatatiza si Java peke yake, bali pia tafsiri. Mbinu ya klasi hutambulishwa kwa neno static, nao hulitafsiri "tuli". Kosa huanzia hapo.

Tuchukue fomu ya usajili. Fomu tupu huonyesha taarifa zinazotakiwa: jina, mwaka na somo. Hiyo ni klasi, tuiite Mwanafunzi. Fomu aliyoijaza Amina ni kitu kilichoundwa kutokana na klasi hiyo. Aliyoijaza Okello ni kitu kingine.

Sasa tuulize maswali mawili. "Jina lako nani?" ni swali ambalo lazima aulizwe mtu fulani. Katika Java tutaandika amina.tajaJina(), na tukimgeukia Okello jibu litakuwa jingine. Hii ni mbinu ya kitu. "Wameandikishwa wangapi?" halimhusu Amina wala Okello, bali klasi nzima: Mwanafunzi.idadi(). Swali hili laweza kuulizwa hata kabla hajaandikishwa mtu, na jibu likawa 0. Hii ni mbinu ya klasi.

Java yenyewe ina mifano ya namna hii. "Mwalimu".length() hutoa 7, kwani huhesabu herufi za neno hilo mahususi. Math.max(3, 9) hutoa 9 bila kuunda kitu chochote.

Anayeanza akiandika Mwanafunzi.tajaJina(), kompaila hukataa. Ni haki yake: jina la nani?

Turudi kwenye "tuli". Idadi ya wanafunzi huongezeka kila anapoandikishwa mmoja. Haijatulia hata kidogo. Aliyekariri "tuli" atadhani haibadiliki, ilhali maana iliyokusudiwa ni kwamba ni mali ya klasi, si ya kitu kimoja kimoja. Vivyo hivyo, "darasa" humpeleka msomaji kwenye chumba na madawati, nayo "ngeli" ina kazi yake katika sarufi.

Kwa hiyo tunapendekeza "mbinu ya kitu" na "mbinu ya klasi". Na kabla ya kuandika mbinu yoyote, mwanafunzi ajiulize: swali hili anaulizwa nani?