Pansori

Pansori (kwa Kikorea: 판소리) ni sanaa ya Korea ya kughani visa virefu kwa wimbo na maneno. Hufanywa na watu wawili tu: mghani mmoja na mpiga ngoma mmoja. Jina lake linatokana na pan, yaani mahali watu wanapokusanyika, na sori, yaani sauti au wimbo. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya urithi huo wa binadamu.

Utumbuizaji

Mghani (sorikkun) husimama juu ya mkeka akiwa na upepeo mkononi. Mpiga ngoma (gosu) huketi karibu naye na ngoma iitwayo buk. Mghani hupokezana kuimba, kusimulia kwa maneno ya kawaida na kuigiza kwa ishara za mwili. Yeye peke yake ni msimulizi na pia wahusika wote, na upepeo wake huweza kugeuka barua, fimbo au msumeno. Sauti inayothaminiwa si nyororo, bali yenye nguvu na mkwaruzo. Zamani wanafunzi walikwenda milimani kufanya mazoezi kando ya maporomoko ya maji. Kisa kizima huweza kuchukua hadi saa nane.

Wasikilizaji nao wana kazi. Mpiga ngoma na hadhira hutoa viitikio vifupi viitwavyo chuimsae, kama vile "eolssigu!" au "jota!" (maana yake "vizuri!"), mwishoni mwa mshororo au pale mghani anapovuta pumzi. Viitikio hivyo humpa mghani nguvu na kumwonyesha kwamba anafuatwa. Hadhira iliyo kimya humwacha kama mtu anayesalimia asiitikiwe.

Historia

Pansori ilianza kusini-magharibi mwa Korea, hasa eneo la Jeolla, yapata karne ya 17. Waghani wa kwanza walikuwa watu wa tabaka la chini waliotumbuiza sokoni na vijijini. Katika karne ya 19 ilipendwa pia na matajiri na watu wa ikulu. Mwandishi Shin Jae-hyo (1812–1884) alipanga maandishi ya visa sita na kuwafundisha waghani, akiwemo Jin Chae-seon, anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kupata jina katika sanaa hiyo.

Wakati wa utawala wa Japani (1910–1945) na baada yake, pansori ilififia mbele ya sinema na muziki wa kisasa. Mwaka 1964 serikali ya Korea Kusini iliiweka chini ya ulinzi wa sheria kama urithi wa taifa. Filamu ya Seopyeonje (1993) ya Im Kwon-taek, inayohusu familia ya waghani wanaotangatanga, ilipata watazamaji wengi kuliko ilivyotarajiwa na kuwarudisha vijana kwenye sanaa hiyo.

Visa vitano

Kati ya visa kumi na viwili vilivyojulikana zamani, vitano vimehifadhiwa pamoja na muziki wake:

- Chunhyangga: binti Chunhyang anakataa kumsaliti mpenzi wake ingawa liwali mpya anamtesa.
- Simcheongga: binti anajitoa kutupwa baharini ili baba yake kipofu apate kuona.
- Heungbuga: ndugu wawili, mmoja mwema na mmoja mchoyo, na mbayuwayu aliyevunjika mguu.
- Sugungga: sungura anaponyoka katika jumba la Mfalme Joka wa baharini.
- Jeokbyeokga: vita vya kale vya China.

Sugungga ina jamaa katika hadithi za Kiswahili. Mfalme Joka ni mgonjwa na anahitaji ini la sungura; kasa anatumwa kumleta. Sungura anajiokoa kwa kudai kwamba ameacha ini lake nchi kavu. Katika hadithi ya pwani ya Afrika Mashariki, kima humwambia papa kwamba ameacha moyo wake mtini. Kisa cha aina hiyo kimo pia katika Jataka, hadithi za kale za Uhindi, ambamo wahusika ni nyani na mamba.

Hadhira ya kigeni

Pansori nje ya Korea hukabiliwa na tatizo la lugha. Mfano ni kipande mashuhuri cha Sugungga. Kasa anafika nchi kavu, taya limemkakamaa kwa uchovu. Anataka kuita "To saengwon" (Bwana Sungura), lakini anatamka "Ho saengwon" (Bwana Chui-milia), na chui-milia anashuka mlimani. Mzaha wote umo katika konsonanti moja. Tafsiri iliyoandikwa juu ya jukwaa hueleza kilichotokea, lakini mtazamaji anayesoma huchelewa kucheka, na macho yake hayako kwa mghani. Kwa sababu hiyo waghani wengi hufundisha hadhira viitikio kabla ya kuanza.

Wasanii wamejaribu njia mbalimbali. Im Kwon-taek alijenga filamu ya Chunhyang (2000) juu ya sauti ya mghani Cho Sang-hyun. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Korea kushindania tuzo kuu ya Cannes. Mghani Lee Jaram alitunga pansori mpya kutokana na tamthilia za Mjerumani Bertolt Brecht, yaani Sacheon-ga (2007) na Ukchuk-ga (2011), akazionyesha pia Ufaransa. Bendi ya Leenalchi ilichukua kile kipande cha chui-milia na kukiimba kwa magitaa ya besi na ngoma za kisasa. Mwaka 2020 kilitumiwa katika video za kutangaza utalii wa Korea, zilizotazamwa mara nyingi mno duniani.

Njia hizo hazifanani. Wimbo wa Leenalchi huchezeka hata kwa asiyejua neno moja la Kikorea, lakini mzaha wa kasa humpita. Njia ndefu zaidi ni kujifunza lugha na sanaa yenyewe. Laure Mafo, Mfaransa mzaliwa wa Kamerun, alivutiwa na pansori mjini Paris, akaacha kazi na kuhamia Korea kuisomea chini ya walimu wa huko.