Chardonnay ya mlimani haitaki pupa!

Kuna jamaa mmoja kila mtaa anaye. Akipewa chupa ya mvinyo kwenye harusi, anaisimamisha juu ya kabati la vyombo, pembeni ya televisheni, ili wageni waione. Miaka inakatika, chupa iko palepale inapigwa joto na vumbi, na ukimuuliza anakujibu kwa maringo: "Mvinyo ukikaa ndiyo unanoga, bwana!" Siku akiifungua mbele ya wakwe, kinachomiminika kina rangi ya chai ya rangi na harufu ya tufaha lililooza. Aibu gani hiyo!

Sasa huyo jamaa hajakosea yote. Ni kweli ipo mivinyo inayonoga ikikaa, hata ile nyeupe. Tatizo ni kujua ipi, na ikae wapi. Wiki hii, msomaji wangu uliyekwisha kutimiza miaka 18, twende tukaione mmoja wa namna hiyo kule inakotoka, milimani California, Marekani.

Kwanza tuelewane. Mvinyo mwingi mno unaouzwa madukani umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ukiuweka unajitesa bure. Chardonnay (tamka shadonei, wasije wakakucheka) ni zabibu nyeupe yenye asili ya Burgundy, Ufaransa. Yenyewe haina makeke. Ni kama wali mweupe, ladha yake inategemea sana umepikwa na nani na kwa kitu gani. Ndiyo maana Chardonnay nyingine ni maji ya matunda tu, na nyingine inaweza kukaa miaka 15 ikazidi kupendeza.

Hizo za kukaa huwa zinatoka mahali penye baridi na shida. Chukua Mount Eden, shamba lililo juu ya mji wa Saratoga, kwenye milima ya Santa Cruz. Liko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na ukisimama pale unaliona chini yako bonde la Silicon Valley, kule kwa mabwana wa kompyuta. Lakini kabla ya kompyuta palikuwa na sinema nyingine kabisa.

Mfaransa Paul Masson alitoka Burgundy mwaka 1878 akaingia California, na baadaye akapanda mizabibu kwenye mlima wa jirani. Alikuwa mtu wa starehe, sifa yake kubwa ni mvinyo wa mapovu. Hata Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, mzee alipata kibali cha kutengeneza mvinyo wa mapovu "wa dawa". Wagonjwa hao sijui walikuwa wanaumwa nini!

Mwaka 1936 Masson alimuuzia eneo lake Martin Ray, aliyekuwa dalali wa hisa. Mwaka 1941 jengo likaungua moto, Ray akalijenga upya, na mwaka 1943 akaliuza kwa kampuni kubwa ya pombe ya Seagram. Wengine wangekula hela zao wakatulia. Ray yeye akapanda mlima wa pili, akachonga barabara, akapanda vipandikizi vilivyotoka kwenye mizabibu ya Masson. Ndiyo mwanzo wa Mount Eden.

Ray alikuwa mkorofi, tuseme ukweli. Alijisifu kupita kiasi na bei zake zilikuwa za kuvunja mguu. Lakini hoja yake ilikuwa ya maana. Enzi hizo sheria ya Marekani iliruhusu chupa iandikwe jina la zabibu fulani hata kama zabibu hiyo ni asilimia 51 tu, nusu nyingine wajue wenyewe. Ray alishikilia kwamba ukiandika Chardonnay iwe Chardonnay tupu. Aligombana na nusu ya wakulima wenzake kwa hilo, na mimi nasema alikuwa sahihi.

Kilichomponza ni upanuzi. Aliingiza wawekezaji, wakaja kugeukana, kesi zikarindima, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akapokonywa sehemu kubwa ya mlima aliouanzisha kwa mikono yake. Mwaka 1972 wenye hisa wakaupa mradi jina la Mount Eden Vineyards. Ray akabaki na kipande cha chini, akafariki mwaka 1976. Mizabibu haikujali nani kashinda kesi. Mwaka 1974 usukani wa kutengeneza mvinyo ukashikwa na mwanamke, Merry Edwards, wakati kina dada katika kazi hiyo California walikuwa wa kuhesabu. Mwaka 1981 akaja Jeffrey Patterson, akakaa miongo na miongo. Kama unajiuliza kwa nini ladha ya mvinyo huu haiyumbiyumbi, jibu mojawapo ndilo hilo: mkono ni uleule, shamba ni lilelile.

Mwaka huohuo aliofariki Ray, tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji wa Kifaransa jijini Paris, akawapa mvinyo bila kuwaonyesha majina. Katika Chardonnay, ya kwanza ikawa Chateau Montelena ya 1973 kutoka California! Ya tatu ikawa Chalone ya 1974, nayo ya milimani hukohuko California. Wafaransa walitoka pale wamenuna.

Haya, mlima unasaidiaje? Kule juu udongo ni mwembamba, umejaa mawe, maji hayatuami. Mzabibu unasota, unazaa kidogo, na punje zinakuwa ndogo. Upepo wa bahari ya Pasifiki unapoza shamba, zabibu zinaiva polepole bila kupoteza uchachu wake. Linganisha na kwetu Dodoma: kwa kuwa hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, unavunwa mara mbili kwa mwaka. Kule unalala msimu mzima wa baridi, mavuno ni mara moja tu.

Huo uchachu, yaani asidi, ndio roho ya mambo yote. Mvinyo mweusi una ule ukakasi wa maganda unaousaidia kuishi muda mrefu. Mweupe hauna ukakasi wa kutosha, kwa hiyo unategemea asidi. Asidi ikiwa kidogo, mvinyo unalegea mapema kama mpira uliotoboka.

Pale Mount Eden, maji ya zabibu yanachachukia ndani ya mapipa ya mwaloni kutoka Ufaransa, yanakaa na mashapo ya hamira kwa miezi kadhaa. Mashapo hayo yanaupa mvinyo unene na pia yanaulinda na hewa. Wakati huo bakteria wanaigeuza asidi kali ile ya tufaha bichi kuwa asidi laini kama ya mtindi. Baada ya kuingia kwenye chupa, mvinyo unawekwa tena muda mrefu kabla ya kwenda sokoni. Kwa hiyo unapoinunua, chupa imeshaanza kukua.

Tuingie kwenye kuonja, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Kosa la kwanza ni kuigandisha. Chardonnay ya namna hii ukiinywa ya baridi kama soda unaua harufu yote, umekunywa barafu ya bei mbaya. Itoe kwenye friji nusu saa kabla, ifike nyuzi kama 12 hivi za Selsiasi. Tumia glasi yenye tumbo, jaza theluthi tu, usijaze kama unagawa togwa msibani.

Iangalie kwanza. Ikiwa changa ni njano hafifu, ikikua inakuwa dhahabu. Dhahabu siyo ugonjwa! Kahawia ndiyo ugonjwa. Ukiona vipunje vinang'aa chini ya chupa usipige kelele kwamba kuna vioo, ni chumvi za asidi ya zabibu, hazina madhara yoyote.

Zungusha glasi, unuse. Changa inakupa limau, tufaha la kijani, pea, na kaharufu ka mkate uliochomwa kutoka kwenye pipa. Ikifika miaka minane, kumi, yale matunda mabichi yanarudi nyuma, inakuja asali, karanga zilizokaangwa, tangawizi, wakati mwingine hata uyoga. Hapo ndipo utajua kwa nini watu wanasubiri. Ukisikia harufu ya boksi lililolowa mvua, basi kizibo kimeuharibu mvinyo. Hapo hakuna la kufanya, na anayekwambia "itatoka ikipata hewa" anakudanganya.

Mdomoni, tafuta mate. Ndiyo, mate! Ukimeza na mate yakajaa pembeni ya ulimi, asidi ipo hai, chupa zilizobaki zina maisha. Hesabu pia ladha inakaa sekunde ngapi baada ya kumeza. Ikiondoka papo hapo, ndugu yangu, zimalize zilizobaki mwaka huu huu.

Sasa kuweka. Mvinyo unataka giza, utulivu na ubaridi usiobadilika, nyuzi 12 au 13. Kubadilika ndiko kubaya kuliko yote: mchana nyuzi 33, usiku feni, keshokutwa kiyoyozi, umeme ukikatika joto tena. Mvinyo unatanuka na kunywea ndani ya chupa, unasukuma kizibo, hewa inaingia. Chupa yenye kizibo cha mti ilazwe, ili mvinyo ukilowanishe kisikauke. Friji ya jikoni inafaa kwa wiki chache, siyo miaka, kwa sababu hewa yake ni kavu. Wenye uwezo wananunua friji maalumu ya mvinyo. Kwa mtu wa Dar aliyepanga chumba na sebule, ushauri wangu wa kweli ni huu: usiweke kabisa. Tafuta muuzaji mwenye stoo ya baridi, nunua iliyokwisha kukua, uinywe mwezi huohuo. Anayeishi Lushoto au Njombe ana nafuu kidogo, lakini na yeye apime joto la chumba, asikisie.

Tena kuna kisa kinachowatisha hata mabingwa. Kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, watu waliokuwa wameweka Chardonnay za Burgundy, za hela nyingi kwelikweli, walianza kukuta chupa zimegeuka kahawia kabla ya wakati. Zimetoka boksi moja, zimelazwa pamoja, moja nzima na ya pili maiti. Wengine walilaumu vizibo, wengine namna ya kukamua zabibu, wengine dawa ya salfa kupunguzwa mno. Mjadala ukawa mrefu. Wajanja walichojifunza ni kutokaa na boksi zima miaka 20 bila kuonja.

Kwa hiyo ukipata nafasi, usinunue chupa moja ya mapambo. Changeni washkaji watatu, mnunue nne za mwaka mmoja. Andikeni tarehe. Fungueni ya kwanza zabibu zikiwa na miaka mitano toka zivunwe, ya pili mwaka wa nane, muone inaelekea wapi. Mount Eden ya mwaka mzuri, iliyolala pazuri, inaweza kuvuka miaka 15 bila wasiwasi. Kama ile ya mwaka wa nane imechoka, fungueni mbili zilizobaki Jumamosi hiyohiyo. Na mkinunua nusu chupa mjue zinakua haraka zaidi, ile kubwa ya lita moja na nusu ndiyo inakwenda taratibu.

Ya kula nayo? Kamba wa nazi, kuku wa kuoka, samaki mwenye mafuta. Pilipili iwe mbali, itaimeza ladha yote. Na ikibaki nusu usiimwage, zibeni mrudishe kwenye friji. Ile ambayo bado changa, kesho yake jioni mara nyingi inakuwa tamu kuliko jana.